Goti la Jerusha Tuttle

Mazoea yana taabu. Mtu akishazoea kisima, hata kikifukiwa, asubuhi miguu itampeleka palepale na ndoo mkononi. Jerusha Tuttle alikuwa na zoea lake moja, dogo kama punje ya haradali, na zoea hilo ndilo lililomwondoa mwanawe nyumbani.

Asahel alikuwa mtoto wa kusinzia kanisani. Siku zote walikaa benchi la tatu, kando ya dirisha lenye kioo kilichopasuka, mama ndani na mwana nje. Kila Jumapili mchungaji alipofika kwenye sala ya kumwombea mfalme wa Uingereza, waumini walipaswa kuitikia kwa sauti moja, "Bwana, umlinde mfalme wetu!" Basi sala ikikaribia, Jerusha alimgusa mwanawe kwa goti. Hakumtazama wala hakusema neno. Goti tu. Naye Asahel alizinduka, akaitikia na wenzake kama mtu aliyekuwa macho tangu mwanzo. Mtoto alikua, akaota ndevu, akajifunza kazi ya kuunda mapipa, mabega yakapanuka hata benchi likawa dogo. Goti la mama halikustaafu.

Mji wao wa Wexcombe ulikuwa juu ya vilima vya Connecticut, nchi ya mawe mengi na matofaa mengi, na siku hizo bado ilikuwa koloni. Mfalme mwenyewe alikaa London, ng'ambo ya bahari, na hapakuwa na mtu wa Wexcombe aliyewahi kumwona ila kwenye sarafu. Lakini kodi zake ziliwaona wao vizuri. Ikaja kodi ya karatasi, ikaja ya vioo, ikaja ya chai. Watu wakauliza, "Ni nani aliyetusemea huko bungeni kwao kabla hatujatozwa?" Jibu lililokuja lilikuwa askari.

Usidhani Jerusha alikuwa mtu wa mfalme. Chai yake aliimwaga kwa mkono wake mwenyewe, akawa anachemsha majani ya rasiberi, maji mekundu yasiyo na ladha, akayanywa na kumshukuru Mungu. Alibeba gurudumu lake la kusokotea hadi kwa Mehitabel Pell, shoga yake tangu utotoni, wakasokota kitani kutwa nzima pamoja na wanawake wengine ili mtu wa Wexcombe asivae tena kitambaa cha London. Tena alikuwa na lake moyoni. Mumewe, Eliphaz, alikwenda kupigana na Wafaransa kwa ajili ya kiti hicho hicho cha enzi, akafia kando ya ziwa huko kaskazini, akazikwa mahali pasipo na jiwe. Wakati huo Asahel alikuwa hajasimama dede.

Vita vya kumwasi mfalme vilipoanza, kanisa lao dogo lilifungwa, maana sala ya mfalme ilikuwa imeandikwa ndani ya ibada na mchungaji aliogopa kuisema, akaogopa pia kuiacha. Likakaa limefungwa mwaka na zaidi. Mwishowe wazee wa mji wakakubali lifunguliwe, kwa sharti moja: jina la mfalme lirukwe.

Jumapili ile ya kwanza ilikuwa ya joto. Watu walijaa. Asahel alikuwa amekata nyasi wiki nzima, na kabla ya somo la kwanza kuisha kidevu chake kilikuwa kifuani. Mchungaji akaja akafika mahali pale. Akanyamaza kidogo kabla ya kuruka. Ukimya ule mwili wa Jerusha uliufahamu kuliko akili yake. Goti likaenda lenyewe. Asahel akazinduka, akaitikia peke yake kwa sauti nene iliyojaa kanisa zima, "Bwana, umlinde mfalme wetu!"

Ungesikia nzi akitembea kwenye kioo.

Kisha mtu akapaza sauti huko nyuma, "Huyo! Tumempata mtoto wa mfalme!"

Walimburuta nje. Lami ya kupaka magurudumu haikosekani mahali penye magari. Manyoya waliyaendea nyumbani kwa Jerusha mwenyewe, wakaupasua mto wake wa manyoya ya bata bukini, wakampaka Asahel lami mwilini na kumbandika manyoya hayo, adhabu ya aibu waliyopewa watu wa mfalme siku hizo. Yeye aliwakimbilia huku na huku akilia, "Ni goti langu! Jamani, ni goti langu mimi!" Wakacheka.

"Mnamsikia Mama Tuttle? Goti lake limemtii mfalme!"

"Basi na lenyewe tulipake!"

Zadok Pell, mume wa Mehitabel na kapteni wa askari wa mji, alisimama kando amekunja mikono. Hakumpiga Asahel. Hakumzuia mtu pia.

Kabla ya Jumapili nyingine Asahel alikuwa amevuka maji kwenda upande wa pili, New York, kulikokuwa na majeshi ya mfalme. Aliyepakwa lami kwa jina la mfalme, amkimbilie nani?

*

Miaka ikapita, na vita haviishi. Jerusha akajaza mto wake maganda ya mahindi, na kila alipogeuka ulitoa sauti kama mtu anayetembea kwenye majani makavu. Mara nyingi aliamka akidhani Asahel anaingia. Jumapili alikaa benchi la tatu, ndani, akaacha nafasi ya nje. Hakuna aliyeikalia. Ibada ikifika pale mahali, goti lake lilijongea lenyewe na kugusa hewa.

Amos, mwana pekee wa Zadok na Mehitabel, alichukuliwa mateka vitani akafia ndani ya meli ya wafungwa ya mfalme, kwenye bandari hiyo hiyo ya New York. Tangu siku habari ilipofika, Mehitabel alivuka barabara ili kumkwepa kila alipomwona Jerusha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Lakini uchungu huo huo ndio uliojenga ukuta kati ya wazazi hawa wawili.

Theluji ya mwaka 1783 ilipoyeyuka, habari za amani zikapanda vilima. Mfalme ameshindwa. Na baada ya habari likapanda gari la ng'ombe la Cuff.

Cuff alikuwa mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa nyumbani kwa Zadok Pell. Aliingia jeshini kupigana na mfalme kwa ahadi kwamba vita vikiisha atakuwa huru, akarudi na uhuru wake na kovu la shingoni. Sasa alipeleka jibini na pombe ya matofaa ya watu kwenda kuuzwa New York. Alisimamisha ng'ombe mbele ya mlango wa Jerusha, akaita bila kushuka.

"Mama Tuttle! Una kitu cha kunywa, au bado ni yale majani yako?"

"Shuka kwanza, Cuff. Majani yapo, na mkate wa mahindi upo. Nakujua mimi, habari zako hazitoki tumbo likiwa tupu."

"Leo zitatoka." Akavua kofia. "Nimemwona."

Jerusha hakuuliza nani. Alishika mwimo wa mlango.

"Ni mzima?"

"Mzima. Amekonda, ana ndevu kama Ibrahimu. Anaunda mapipa bandarini. Nilimjua kwa usingizi: nilimkuta amelala juu ya pipa mchana kweupe."

Jerusha akacheka, na kicheko kikageuka njiani, akafunika uso kwa aproni. Cuff akawapa ng'ombe maji asiwe mtu wa kutazama machozi ya mjane. Aliporudi, akasema alichotumwa, polepole, kama mtu aliyebeba mayai.

"Anasema hivi: Mama, meli zinapakia watu waliosimama na mfalme, tunapelekwa Nova Scotia, huko kaskazini. Yangu inaondoka mwanzo wa kiangazi. Mji ukinikubali, nakuja nyumbani kwa miguu yangu. Mji ukinikataa, napanda."

"Nova Scotia kuna nini?"

"Anasema miti na ukungu."

Walikaa kwenye ngazi, mkate katikati yao. Jerusha akamuuliza swali ambalo kwa miaka yote hakupata mtu wa kumuuliza.

"Wewe ulipigana, Cuff. Sema kweli. Tulikuwa na haki ya kumwasi mfalme, au hatukuwa nayo?"

Cuff akatafuna kwanza.

"Mama, mimi niliasi kwa kuwa Kapteni Pell aliniahidi uhuru. Dada yangu Dinah, unamkumbuka, alitorokea kwa mfalme kwa kuwa mfalme alimwahidi uhuru. Nimemwona naye. Atapanda meli hizo hizo. Tulikuwa tunatafuta kitu kimoja, yeye kule, mimi huku, tungekutana vitani tungepigana risasi. Mimi usiniulize nani alikuwa na haki. Niulize nani alitimiza ahadi."

"Nani alitimiza?"

"Kwetu sisi wawili, wote. Lakini pita mashambani humu uhesabu watu weusi wanaolisha nguruwe wa mabwana huku wanasikiliza hotuba za uhuru." Akakung'uta makombo. "Mkate mzuri. Chumvi imepungua."

*

Zadok Pell alikuja mwenyewe, kwa miguu, jioni jua likiwa bado juu. Alikuwa amezeeka upande mmoja, kama mti uliopigwa na upepo wa siku zote. Alikataa kukaa.

"Jerusha."

"Karibu, Zadok."

"Umesikia kuna mkutano wa mji. Watazungumza habari ya waliokwenda kwa mfalme. Wako wanaosema amani ni amani, arudi, tena hatuna mtu wa mapipa. Wako wanaosema akikanyaga hapa avunjwe miguu."

"Na wewe?"

"Mimi ni mwenyekiti. Nikiinua mkono, wengi watainua."

"Utauinua?"

Akatazama mahali penye gurudumu la kusokotea. "Nitakuita mbele. Utasema maneno mawili. La kwanza, kwamba tulikuwa na haki ya kumwasi mfalme. La pili, kwamba mwanao alikosa, alijua anachokisema siku ile, na anatubu. Basi. Mkono nitainua."

"Tulifundishwa, Zadok, mimi na wewe, kwenye benchi moja, kwamba mfalme ni kama baba. Baba akikosea, mtoto humwambia. Hamtoi nyumbani."

"Hatukumwambia? Tulimwandikia mwaka baada ya mwaka. Tulimwomba kwa magoti, hata barua zetu hakutaka kuzisikia. Na mtoto akishajenga kwake, akalima mwenyewe, baba ana ruhusa gani ya kuja kupekua ghala lake? Huyu alikuja na bunduki! Baba gani huyo?"

Jerusha alijua ni kweli. Hilo ndilo lililomtesa. Kama wangekuwa wakosaji tu, angewachukia akapumzika.

"La kwanza nitasema," akajibu. "Naliamini. Lakini la pili ni uongo, nawe ulikuwepo. Alikuwa amelala."

"Ni maneno tu, Jerusha."

"Hata yeye alisema maneno tu."

Zadok akavaa kofia. Alipofika mlangoni akasema bila kugeuka, "Amos wangu hakusema neno lolote. Alikufa amenyamaza."

Baada ya hapo Jerusha alisali hata magoti yakafa ganzi. Alimwambia Mungu, wewe wajua kwamba sijawahi kusema uongo hata juu ya yai la kuku. Kisha akamwonyesha Mungu mlango, akamwonyesha benchi, akamwonyesha nyundo za Asahel zilizotundikwa ukutani na kutu iliyoanza kuzila. Uongo mmoja, Bwana. Sentensi moja, naye atakuja kwa miguu barabara ile, nitamsikia akipangusa viatu. Asubuhi ya mkutano alifunga kilemba chake cheupe akiwa ameshaamua. Angesema yote mawili, na kuomba msamaha baadaye.

*

Ukumbi wa mji ulikuwa umejaa wanaume chini na wanawake juu kwenye roshani, kwa kuwa wanawake waliruhusiwa kusikia, si kupiga kura. Jerusha aliposimamishwa mbele, alimwona Mehitabel juu, ameshika kingo kwa mikono miwili.

"Huyo hapo mama wa mfalme!" mtu akatania.

"Ametuletea chai?"

"Kimya!" Zadok akagonga meza. "Mjane Tuttle, utasema baada yangu, ili pasiwe na kosa. Tulikuwa na haki ya kumwasi mfalme."

"Mlikuwa na haki ya kumwasi mfalme," Jerusha akasema. "Nilikuwa nanyi. Chai niliimwaga mwenyewe, na wengi wenu mashati mliyokwenda nayo vitani uzi wake ni wangu."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Mzee mmoja wa mbele akapiga fimbo chini mara moja, maana yake vema.

"Na mwanangu Asahel," Zadok akaendelea, akisoma kama mchungaji, "alikosa, akijua anachokisema."

Akanyamaza, akingoja aitikiwe.

Na hapo goti la Jerusha likajongea.

Alilisikia chini ya gauni, likienda lenyewe kama lilivyokwenda miaka yote. Ulikuwa ukimya ule ule, wenye nafasi iliyoachwa wazi ndani yake kwa ajili ya mdomo wa mtu mwingine. Mbele yako mkubwa amesema, nyuma yako watu wanangoja, na neno liko tayari kwenye ulimi, halihitaji akili. Neno lilikuwa limeshafika menoni. Jerusha akafunga mdomo, akameza.

"Sema, mama," mtu akahimiza. "Mwanao yuko kwenye ncha ya ulimi wako."

"Ninajua alipo," akasema. "Ndugu zangu, nilimlea mwanangu kuitikia kabla hajafikiri. Mkamwadhibu kwa hilo. Sasa mnaniambia mimi niitikie kabla sijafikiri, mnituze kwa hilo. Huko London walidai tuitikie. Ndiyo sababu mlichukua bunduki. Mimi ni mjane mwenye shamba. Mji huu unanitoza kila mwaka, na kwa miaka yote hii hakuna aliyeniuliza neno. Leo ndiyo mara ya kwanza kuulizwa, na jibu mmelileta limeshapikwa."

Mwanamke mmoja juu akacheka kwa nguvu, kisha akajiziba mdomo.

"Kwa mfalme mlikuwa na haki," Jerusha akasema. "Kwa mwanangu hamkuwa nayo. Alikuwa amelala, na goti ni langu. Niliwaambia siku ile ile. Mrudisheni. Nawaomba."

Kelele zikapanda. "Anatutukana ndani ya nyumba yetu!" "Amesema kweli, mwacheni!" "Na waliofia melini nao walikuwa wamelala?" Hilo la mwisho lilizima mengine. Watu wote wakamtazama Zadok.

Zadok akaita kura. Wanaotaka arudi, wainue mikono. Mikono ikaanza kupanda hapa na pale, ikingojea wa kwake, kama kuku wanaongojea jogoo. Mkono wa Zadok ulinyanyuka kutoka mezani. Jerusha aliufuata kwa macho kana kwamba ndiye Asahel anayepanda kilima. Ukafika kifuani. Pale ukasimama, ukashika kitambaa cha shingo, ukakinyoosha, ukarudi mezani.

Mikono mingine ikashuka mmoja mmoja.

*

Jerusha hakulia mbele yao. Alikwenda nyumbani, akamkamua ng'ombe, maana ng'ombe hajui kura. Kisha akakaa kwenye ngazi, akatazama kila kitu kwa zamu: kisima, ukuta wa mawe alioujenga Eliphaz kabla ya kwenda vitani, mtofaa uliokuwa umejaa maua meupe, mwaka huo kuliko mingine, kana kwamba unamkejeli. Alikuwa amezaliwa umbali wa kusikika jogoo kutoka pale. Alijua kila jiwe ambalo jembe lingegonga.

Cuff alipopita tena akamkuta amefunga mizigo miwili.

"Unakwenda kumuaga, Mama?"

"Nakwenda kupanda."

Cuff akakuna kovu lake. "Nova Scotia? Wewe? Umri huo?"

"Mungu wa miti na ukungu ni huyu huyu. Utanichukua, au nitembee?"

"Nitakuchukua. Hata hivyo nilikuwa nakwenda kumuaga Dinah. Tutalia pamoja njiani, ng'ombe watadhani mvua."

Asubuhi ya kuondoka, gari likiwa mlangoni, Mehitabel Pell alikuja akipita katikati ya barabara. Alikuwa amekumbatia kitu kilichofunikwa shuka. Walitazamana kama watu wanaoonana ng'ambo ya mto.

"Nasikia unakwenda," Mehitabel akasema.

"Nakwenda."

"Njia ni ndefu. Huwezi kulalia maganda ya mahindi baharini, utawaamsha abiria wote." Akaondoa shuka. Ulikuwa mto, mnene, mweupe. "Ni bata wangu mwenyewe. Nimekuwa nikikusanya manyoya."

"Tangu lini?"

"Usiniulize, Jerusha. Chukua."

Jerusha akauchukua. Ulikuwa mwepesi kiasi kwamba mikono yake ilipanda bila kukusudia.

"Amos," akasema, "aliondoka na shati lile la kitani?"

"Ndilo. Nyuzi zako, ufumaji wangu." Mehitabel akakunja shuka. "Nilitaka kukuchukia. Sikuwa na mtu mwingine wa karibu wa kumchukia. Mfalme yuko mbali mno."

Wakakumbatiana, mto katikati, hata Cuff akaanza kukagua magurudumu yasiyo na kasoro. Gari lilipoanza kwenda, Mehitabel akalifuata hatua chache.

"Mwambie Asahel! Zadok amesema umwambie…"

"Amesema nini?"

"Amesema mapipa yetu yote yanavuja!"

*

Asahel hakuwa amelala safari hii. Alikuwa amesimama bandarini akitazama barabara, na alipomwona mama yake juu ya gari la ng'ombe amekumbatia mto, aliangusha pipa likabingirika hadi majini. Walishikana muda mrefu. Ndevu zake zilinuka lami ya meli, na Jerusha alipoisikia harufu ile akashtuka, kisha akaivumilia.

"Wamenikataa?" Asahel akauliza.

"Wamekukataa."

"Na wewe ukaja?"

"Na mimi nikaja."

Alimweleza ya kura na ya mkono wa Zadok, akamweleza ya mapipa. Kwenye hilo la mapipa Asahel akacheka, akageuka, akapiga msumari mahali pasipohitaji msumari.

Jumapili ya kwanza baharini watu walikusanyika juu ya sitaha. Pembeni alisimama Dinah na watu weusi wenzake, vyeti vyao vya uhuru wamevifunga vifuani kwa vitambaa. Nchi ilikuwa bado inaonekana upande wa magharibi, mstari mwembamba wa buluu. Jerusha na Asahel walikaa juu ya boriti, mama ndani, mwana nje, na mto wa Mehitabel mapajani mwa mama kwa sababu ya baridi. Mchungaji wa meli akasoma. Akafika mahali pale, wala hakuruka. Watu wale wote wakaitikia kwa koo zao zote, maana neno lile liliwagharimu nyumba na mashamba, na hawakuwa na mali nyingine iliyobaki. "Bwana, umlinde mfalme wetu!" Asahel naye aliitikia kwa sauti yake nene, na safari hii alijua anachokisema. Alikuwa amekula mkate wa mfalme miaka sita.

Jerusha hakuitikia.

Goti likamgusa. Taratibu, kwa ubavuni, kama yeye alivyokuwa akifanya. Lilikuwa goti la Asahel.

"Mama," akanong'ona, "umesinzia?"

"La, mwanangu. Niko macho."

Alimshika mkono. Mkono ule alioutamani miaka yote ulikuwa mzito na wa joto ndani ya wake, hakuna kilichopungua. Lakini macho yake hayakubanduka kwenye ule mstari wa buluu. Ilikuwa saa ya ibada Wexcombe pia. Jua lingekuwa linapita kwenye kioo kilichopasuka, linaangukia benchi la tatu, juu ya nafasi mbili.